Mchezo wa Kwanza wa Mtoto: Akishindwa, Ajue kwa Nini



Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja alinijia mlangoni pa ofisi ya parokia. Mkononi alishika simu ya kupapasa, na nyuma yake alisimama mwanawe wa miaka kumi na miwili hivi, ameinamisha kichwa. Akaniuliza, "Karani, wewe umesoma. Hii michezo ya vita iliyomo katika simu ni dhambi au si dhambi? Na kama si dhambi, nimwache acheze upi?"

Swali la kwanza nilimwomba alipeleke kwa Baba Paroko, maana ni lake. La pili nilimwahidi kulijibu mwenyewe. Na kwa kuwa najua linaulizwa katika nyumba nyingi, nimeonelea nilijibu hapa, ili na wewe upate kusikia.

NI MICHEZO GANI?

Katika simu na kompyuta mna michezo ya namna nyingi. Iko ya mbio za magari, ya mpira, na ya kulenga shabaha. Hiyo yataka wepesi wa vidole. Namna nyingine ni michezo ya mbinu. Humo mchezaji hupewa kijiji, au jeshi, au shamba, pamoja na mali kidogo. Kazi yake ni kuamua: nijenge nini kwanza? Mali niitumie wapi? Adui nimzuie kwa njia gani? Mwenye kushinda ni yule aliyefikiri mbele.

Jambo hili si geni kwetu. Mtazame mzee chini ya mwembe, ameinamia bao lenye mashimo 32 na kete 64, akihesabu kichwani kete zitakapoishia kabla hajazigusa. Watazame vijana dukani wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Hao wote wanacheza mchezo wa mbinu. Kompyuta imeleta uwanja mpya tu.

Tena wazee wetu wa pwani walikuwa na busara moja tunayopaswa kuiiga. Mgeni wa bao hawakumtupa mara moja katika bao la Kiswahili, lenye nyumba na kunamua na sheria zake nyingi. Walikuwa na bao la kujifunza. Kila shimo latiwa kete mbili, hakuna kete za mkononi, na mchezo waanza. Mwanafunzi akishalizoea hilo, ndipo aingizwe katika lile kubwa. Basi, wazee walijua kwamba mchezo wa kwanza huchaguliwa.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi nililisahau hilo. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliupenda sana mchezo mmoja mkubwa wa kompyuta, uitwao Civilization, ambao ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Sid Meier wa Marekani. Mchezaji huanza miaka 4000 kabla ya Kristu na watu wachache, akajenga miji, akavumbua maandishi na gurudumu, hata akafika zama zetu. Ni mchezo mzuri, lakini kuumaliza ni kazi ya saa nyingi, na mambo ya kuamua ni mengi mno.

Likizo moja mpwa wangu alikuja kukaa kwangu. Nikamfungulia mchezo ule katika kompyuta yangu kuukuu, nikaenda zangu kazini. Jioni nikamkuta amenuna. "Mjomba, nimeshindwa." Nikamwuliza, "Umeshindwaje?" Akajibu, "Sijui. Walikuja tu wakaniteka." Siku ya pili akashindwa tena, asijue kwa nini. Siku ya tatu hakuufungua.

Siku ya nne nilimtuma mashineni na fedha ya kusagisha mahindi. Akarudi na mahindi yale yale, fedha hakuna. Alikuwa ameitia yote katika mashine ya kamari iliyowekwa karibu na duka, ile imezayo sarafu. Nilikasirika, nikanyanyua mkono. Lakini akaniambia neno lililonizuia: "Mjomba, ule mchezo wako na ile mashine ni sawa. Vyote vinakushinda tu, hujui kwa nini. Ile mashine angalau mara nyingine inarudisha."

Nilikaa kimya. Kosa la fedha lilikuwa lake, na alilifanyia kazi ya kuchota maji wiki nzima. Lakini kosa la kuchagua mchezo lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfundisha, bila kukusudia, kwamba kushinda na kushindwa hakuna sababu.

Hapo ndipo nilipopata kipimo ninachokupa leo, ndugu msomaji: mchezo mzuri wa kwanza ni ule ambao mtoto akishindwa, aweza kuona mwenyewe mahali alipokosea.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

Kwanza, mchezo uwe wa zamu. Iko michezo ambamo pande zote mbili hutenda kwa wakati mmoja, bila kungojana. Humo mgeni hupigwa kabla hajamaliza kufikiri. Katika mchezo wa zamu mtoto aweza kukaa, akatazama, akahesabu. Adui humngoja.

Pili, uwe mfupi. Mchezo mmoja ukiisha kwa nusu saa au chini yake, mtoto akishindwa hakumbuki tu kwamba ameshindwa, bali akumbuka na alivyoanza. Mchezo wa siku tatu humfanya asahau kosa lililomwangusha.

Tatu, ufundishe kidogo kidogo. Mwalimu mzuri wa darasa la kwanza haandiki herufi zote ubaoni siku moja. Mchezo nao ufanye hivyo hivyo: leo kitu kimoja, kesho cha pili.

Nne, usiombe fedha kila mara. Michezo mingi huitwa ya bure, kumbe ndani yake mna duka. Tazama mfano wa Clash of Clans, wa Finland, uliotolewa mwaka 2012. Kuupata ni bure. Lakini jengo laweza kuchukua siku kadhaa kumalizika, isipokuwa ukitoa vito vya kuharakisha, na vito hivyo huuzwa kwa fedha halisi. Tena hauchezwi bila mtandao, maana yake bando. Mtu mzima mwenye kiasi aweza kuucheza bila kulipa. Lakini kwa mtoto anayeanza haufai, kwa sababu ataelewa kwamba dawa ya kushindwa ni kulipa.

MICHEZO MITATU YA KUANZIA

Wa kwanza ni sataranji, ambao wengi huuita chesi. Ni mchezo wa kale, na Mtakatifu Teresa wa Avila aliutumia kuwa mfano alipowafundisha watawa wake juu ya sala. Katika simu waweza kuucheza kwa programu iitwayo Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Ni ya bure kweli: haina matangazo, wala haina duka, huendeshwa kwa sadaka za wanaoipenda. Mtoto aweza kucheza na simu yenyewe katika ngazi mbalimbali. Aanze na ya kwanza. Mchezo ukiisha, akiwa na mtandao aweza kuurudia na kuonyeshwa hatua alipokosea. Ukitaka kumrahisishia zaidi, mcheze kwanza kwa ubao wa kuchora, na askari tu pamoja na mfalme. Wengine uwaongeze baadaye.

Wala usiseme sataranji ni ya watoto wa matajiri. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende aliwafundisha watoto maskini mchezo huu. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alioneshwa hatua za kwanza na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 Phiona huyo aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa yaliyofanyika Urusi.

Wa pili ni Plants vs. Zombies, uliotoka mwaka 2009. Huu si wa zamu, lakini nauweka hapa kwa sababu sijaona mchezo unaofundisha kwa utaratibu kuushinda. Mchezaji hulinda nyumba yake kwa kupanda mimea. Siku ya kwanza apewa mstari mmoja tu wa nyasi na mmea mmoja tu urushao njegere. Kisha mistari mitatu, kisha mitano, na mimea mipya huongezwa mmoja mmoja. Fedha yake ni mwanga wa jua, na alizeti ndiyo izaayo mwanga. Alizeti moja ni mwanga 50, mrusha njegere ni 100. Mgeni hukimbilia kununua warushaji peke yake. Baada ya kitambo hana mwanga wa kununulia kitu. Mtoto wa mkulima ataelewa upesi: amekula mbegu. Hapo kosa lake laonekana wazi.

Neno moja la tahadhari. Maadui wa mchezo huu ni wafu watembeao, yaani misukule. Wamechorwa kwa kuchekesha, lakini katika vijiji vyetu jina hilo si la mzaha kwa kila mtu. Kama mtoto wako huogopa usiku, au kama nyumbani mmepatwa na masengenyo ya uchawi, uacheni mchezo huu. Tena toleo la bure la simu huleta matangazo; zima mtandao kabla hajaanza.

Wa tatu ni The Battle of Polytopia, wa Sweden, uliotoka mwaka 2016. Huu ni kama mtoto wa Civilization, na ndio nilioutumia kulirekebisha kosa langu. Ni wa zamu. Mchezaji ana mji mmoja na nchi yote imefunikwa na mawingu. Kila zamu hupata nyota chache, nazo ndizo mali yake: azitumie kuvuna matunda ili mji ukue, au kununua askari, au kujifunza ufundi mpya kama vile uvuvi. Hazitoshi vyote. Kwa namna moja ya kucheza, zamu ni 30 tu, basi mchezo umekwisha na hesabu inasomwa. Katika simu makabila manne ni ya bure, mengine huuzwa. Manne yatosha kabisa. Nao huchezwa hata pasipo mtandao.

Na ile mikubwa? Ingojee. Age of Empires, ulioanza mwaka 1997, ni mchezo wa kuwatuma wanakijiji kukata kuni, kuchimba dhahabu na kutafuta chakula, lakini pande zote hutenda kwa pamoja. Toleo lake la pili, la mwaka 1999, lina hata habari za Mtakatifu Yoana wa Arc. Mtoto aliyepitia michezo midogo ataufurahia kwa wakati wake.

MZAZI AKAE KARIBU

Usimpe mtoto simu ukaondoka kama nilivyofanya mimi. Kaa naye mara chache za kwanza. Huna haja ya kuujua mchezo. Yatosha umwulize maswali mawili. Kabla hajacheza zamu yake: "Unafikiri adui atafanya nini?" Akishashindwa: "Ni wapi ulipokosea?" Akijibu, "Simu inaniibia," usimkubalie upesi. Mrudishe nyuma atafute.

Mpwa wangu nilimwuliza hivyo katika Polytopia. Mara ya kwanza alisema hajui. Mara ya tatu akasema, "Mjomba, nilinunua askari wengi, mji haukukua, nyota zikawa chache." Nikajua ameanza kujifunza. Mtoto aliyezoea kusema "nilikosea hapa" mchezoni, hatasita sana kulisema nyumbani, wala katika kitubio.

Hapo pia ataona tofauti ya mchezo na kamari. Mashine ile hata ukiichunguza mwaka mzima, hutaona ulipokosea, kwa sababu kosa lako ni moja tu: kutia sarafu. Mweleze mwanao hivyo waziwazi.

KIASI

Chakula kizuri nacho huvimbisha tumbo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na mchezo wa kiasi ni pumziko lake. Neno zito hapo ni kiasi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka na ule wa mtu kushindwa kujizuia na michezo ya namna hii hata akaacha kazi na mambo yake mengine.

Watoto wetu wanaye mfano wao. Mtakatifu Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Italia, akafariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda kompyuta, na michezo yake aliipenda vilevile. Lakini yasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Hakulazimishwa na mtu.

Basi, wazazi, wekeni saa na siku ijulikane. Kazi za nyumbani na masomo kwanza, sala ya jioni isirukwe. Na kama nyumbani hakuna simu ya namna hiyo, hujapungukiwa kitu. Chimba mashimo 32 chini, okota kokoto 64, tia mbili mbili, mwite mwanao. Akishindwa, usimcheke. Mwulize ni wapi alipokosea, kisha mpangie kete upya.