Kura Inapomfuata Mpigakura: Uchaguzi wa Mitaa Stockholm (Sehemu ya Pili)

Wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi, bahasha hudondoka kupitia tundu la barua mlangoni mwa kila fleti ya Stockholm yenye mtu mwenye haki ya kupiga kura, iwe Östermalm kwa wenye nazo au Tensta kwa wahamiaji. Hakuna aliyeiomba, wala aliyepanga foleni kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ndani mna kadi ya mpigakura, wenyeji huiita röstkort, yenye jina la mhusika, kituo chake, saa za kufunguliwa na chaguzi anazoruhusiwa kushiriki. Raia wa Sweden huandikiwa tatu: bunge, mkoa na manispaa. Jirani yake Mkongo ambaye hajapata uraia lakini ameishi nchini miaka mitatu mfululizo huandikiwa mbili, mkoa na manispaa.

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini hizo mbili si kura za mabaki. Halmashauri ya jiji, yenye madiwani 101, ndiyo inayoamua mambo ya shule, chekechea, matunzo ya wazee, mipango miji na kampuni za jiji zinazopangisha nyumba. Mkoa unashika hospitali, treni na mabasi. Vyombo hivi viwili kwa pamoja hukata asilimia 30 hivi ya kipato cha mkazi kinachotozwa kodi, na mkataji haulizi pasipoti. Leo tutazame njia anayopita mkazi huyo hadi kwenye sanduku, kwa sababu haki iliyoandikwa vizuri katika sheria inaweza kufia njiani.

Siri ya bahasha ile ni daftari. Idara ya kodi, Skatteverket, hutunza orodha ya wakazi wote wa nchi. Ukihama nyumba unatakiwa kutoa taarifa ndani ya wiki moja. Siku 30 kabla ya uchaguzi, mamlaka ya uchaguzi, Valmyndigheten, huchota humo majina ya wenye sifa na kazi imekwisha. Mwananchi hajiandikishi. Aliyetimiza miaka 18 siku yenyewe ya uchaguzi naye yumo, bila kumbembeleza mtendaji wa mtaa. Mzigo wa kujua nani yuko wapi umebebwa na serikali, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika. Mengine yote ni nyongeza.

Nyongeza zenyewe, hata hivyo, zina utamu wake. Siku 18 kabla ya Jumapili ya uchaguzi, upigaji kura za mapema huanza katika maktaba, maduka makubwa na vituo vya treni. Anayefanya kazi ya usafi zamu ya usiku hupita na kadi yake na kitambulisho akirudi nyumbani, hata kama yuko mji mwingine kabisa, kwa kuwa kura yake itasafirishwa hadi kwenye manispaa yake. Akibadilisha mawazo, Jumapili aende kituoni kwake kabla hakijafungwa. Ile ya mapema itawekwa kando na mpya kuhesabiwa. Mgonjwa, mzee au mlemavu asiyeweza kutoka anaweza kumtuma ndugu au mwuguzi mbele ya shahidi, au kuomba wapokeaji kura wa manispaa wamfuate nyumbani. Aliye mahabusu au gerezani hupiga kura. Asiye na kitambulisho hafukuzwi moja kwa moja: mtu mwingine mwenye kitambulisho anaweza kumthibitisha. Mwaka 2022 karibu nusu ya waliopiga kura walipiga kabla ya Jumapili yenyewe, na vituo siku hiyo vilikuwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.

Ndani ya kituo utaona karatasi zimepangwa kwenye rafu, za njano kwa bunge, za buluu kwa mkoa, nyeupe kwa manispaa, na kila chama kina karatasi yake. Mpigakura anachukua, anaingia kwenye kibanda, anatia kila moja katika bahasha yake. Mtu aliyezoea karatasi moja yenye picha za wagombea wote ataona utaratibu huu wa ajabu, na kweli ni wa ajabu. Zamani aliyesimama nyuma yako aliweza kuona umenyofoa karatasi ya nani. Siku hizi rafu huwekwa nyuma ya kizuizi, siri imelindwa zaidi, lakini mwaka 2022 foleni zilirefuka kwa sababu hiyo hiyo.

Wala kura inayosafiri haikosi ajali. Katika mji wa Falun, mwaka 2018, kura 153 za mapema zilicheleweshwa njiani na hazikuhesabiwa. Kwa kuwa zingeweza kugeuza mgawanyo wa viti, uchaguzi wa manispaa ulirudiwa mwezi Aprili 2019. Wapo wanaoutaja mfano huo kuonyesha kwamba urahisi ni hatari. Mimi naona ni nchi iliyorudia uchaguzi wa mji mzima kwa ajili ya kura 153, na hilo linanipa imani kuliko kituo ambacho hakijawahi kukiri kosa.

Msomaji asidhani Waswidi walizaliwa hivi. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1862 ilitoa kura kwa kadiri ya mali na kodi: aliyekuwa na zaidi alipiga kura nyingi zaidi, na hata kampuni zilipiga. Mwaka 1871 zilikuwepo manispaa 54 za vijijini ambamo mtu mmoja pekee alikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote. Yaani ukiamka na tajiri hajaamka, mkutano haujaanza. Mfumo huo ulivunjwa kwa uamuzi wa Desemba 1918, na wanawake na wanaume wakapiga kura sawa katika chaguzi za manispaa za 1919. Hata hapo waliokuwa wakiishi kwa msaada wa kudumu wa maskini waliendelea kuzuiwa hadi 1945.

Jambo lililosaidia kura za mitaa kuliko yote pengine ni kalenda. Tangu 1970 bunge, mkoa na manispaa huchaguliwa siku moja. Mwaka 2018 waliojitokeza kwa bunge walikuwa asilimia 87, na kwa manispaa asilimia 84. Diwani alibebwa na waziri mkuu. Nini hutokea wakitenganishwa? Mkoa wa Västra Götaland ulitupa jibu bila kukusudia. Kwa sababu ya dosari za uendeshaji, uchaguzi wake wa mkoa wa 2010 ulirudiwa peke yake tarehe 15 Mei 2011. Kutoka asilimia 80 hivi, waliojitokeza wakashuka hadi 44. Watu walikuwa wale wale, daftari lile lile, kadi zilifika vile vile. Wapo wanaolalamika kwamba siku ya pamoja humeza mijadala ya mitaa, na wana hoja, lakini mjadala mzito wenye nusu ya wapigakura si faida kubwa.

Sasa niseme lisilopendeza. Wakazi wasio raia walipewa kura ya mitaa kuanzia uchaguzi wa 1976, na mwaka huo karibu asilimia 60 yao waliitumia. Baadaye wakashuka hadi kama theluthi moja tu. Kadi zinafika, maktaba ziko wazi, na bado katika vitongoji kama Rinkeby na Husby waliojitokeza ni wachache kuliko katikati ya jiji. Urahisi peke yake haumleti mtu asiyeona kama jiji ni lake, asiyesoma lugha ya mijadala, ambaye chama hugonga mlango wake kila baada ya miaka minne. Lakini urahisi umefanya jambo moja la thamani: umeondoa visingizio vya pande zote. Pale ambapo kujiandikisha ni taabu, huwezi kujua nani kachoka na nani kazuiwa. Stockholm wanajua, na vyama vyao haviwezi kulaumu foleni.

Nyumbani hatuwezi kujua. Tanzania Bara, wapigakura wa uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 waliandikishwa upya kwa siku kumi za Oktoba, kando kabisa na Daftari la Kudumu la Wapigakura, na miezi kumi na moja baadaye taifa likaitwa tena vituoni kwa uchaguzi mkuu. Mwenye kadi ya mpigakura mfukoni aliyedhani imetosha aliachwa nje ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa wake. Najua jibu la wengi: foleni ina maana gani ikiwa wagombea wameenguliwa kabla? Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwa malalamiko hayo na chama tawala, CCM, kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Hakuna maktaba wala bahasha itakayoponya hilo. Ila daftari linaweza kurekebishwa hata leo. Vitambulisho vya taifa vya NIDA vipo, nyumba zilipewa namba katika kampeni ya anwani za makazi ya 2022, na Kenya tangu 2013 humchagua mwakilishi wa wadi siku moja na rais. Wizara ya serikali za mitaa, TAMISEMI, na Tume ya uchaguzi wakae meza moja, walifanye daftari kuwa moja kabla ya uchaguzi mwingine wa mitaa.

Kwa wasomaji wetu walioko Stockholm: uchaguzi umepangwa kuwa Jumapili, 13 Septemba 2026, na kura za mapema zinaanza 26 Agosti. Uraia hauhitajiki kwa jiji na mkoa, ilimradi umetimiza miaka mitatu mfululizo katika daftari la wakazi. Hakikisheni anwani zenu kwa idara ya kodi ni sahihi. Kadi ikipotea, manispaa itakutolea nyingine.