Mbwa gani anafaa kufuata nyayo na kulinda shamba karibu na pori?



Katika mikutano yetu ya Bunyakiri kuna swali moja lenye kurudia kila msimu, mahindi yakianza kukomaa: "Agronome, ni mbwa wa namna gani anafaa?" Wengine wanataka mbwa wa kulinda muhogo na karanga usiku, juu ya nguruwe pori na ndezi. Wengine wanataka mbwa mwenye pua nzuri, wa kufuata nyayo za mboloko ao za mbuzi aliyepotea. Na ndugu mumoja alitufikia na furaha kubwa: aliahidiwa mbwa mkubwa "wa wazungu" kutoka Bukavu, kwa bei ya mbuzi kadhaa. Tulimuomba angoje kwanza. Makala hii ndiyo jibu letu kwake, na kwenu wote.

Kwanza tujue kazi

Kosa la kwanza ni kununua mbwa mbele ya kujua kazi yake. Kuna kazi mbili, na hazifanane.

Kazi ya kwanza ni kulinda. Mbwa wa kulinda anapaswa kusikia, kubweka kwa nguvu, na kubaki pale shamba liko. Hatumuombi aue nguruwe pori. Nguruwe pori aliyeumizwa anapasua tumbo la mbwa kwa meno yake, na mwenye shamba anapoteza mbwa na mavuno pamoja. Tunamuomba atuamshe tu, ili watu wapige bidoni na kuwasha moto.

Kazi ya pili ni kufuata nyayo. Hapa tunahitaji mbwa mwenye pua na uvumilivu, mwenye kutembea polepole na kichwa chini, asiyekimbilia kila kitu chenye kutikisa majani. Mbwa anayebweka ovyo haifai hapa, kwani anafukuza kile unachotafuta.

Mara chache sana mbwa mumoja anafanya kazi zote mbili vizuri. Kwa familia nyingi zenye mashamba kandokando ya pori, kazi ya kulinda ndiyo inaleta faida zaidi.

Mbwa wa wazungu, je?

Huko Ulaya kuna nyama wakubwa wenye pembe za matawi, wenye Wafaransa wanaita cerf. Hawa hawako kwetu. Sisi tuko na mboloko na jamaa zake, ni kusema swala wadogo wa pori. Wawindaji wa Ujerumani wako na mbwa wa pekee kwa kumtafuta nyama aliyejeruhiwa na risasi. Wanamfunga kamba ndefu ya mita 10 hivi, anafuata harufu ya damu polepole, na muwindaji anatembea nyuma yake. Kule, kumtafuta nyama uliyemjeruhi ni lazima, si mapenzi: kumuacha ateseke kichakani ni kosa.

Hata hapa Kongo mbwa wa namna hiyo wako. Katika Parke ya Virunga, kule Nord-Kivu, tangu 2011 kuna kikosi cha mbwa wakubwa wa masikio marefu, wenye kuitwa bloodhound. Pua yao ni ya ajabu, na walinzi wanawatumia kufuata majangili. Lakini angalieni maisha yao: wako na nyumba yao, chakula chao cha pekee, daktari wao, na watu wenye kuwatunza kila siku. Mbwa wa namna hiyo ana kilo 40 hadi 50. Anakula karibu mara tatu kuliko mbwa wetu wa kilo 10. Joto linamchosha haraka, na masikio yake marefu yanaoza kama hayasafishwe.

Basi tulimuambia yule ndugu: ukinunua mbwa huyu, unanunua mdomo mwengine nyumbani, mkubwa kuliko wa mutoto wako. Kama haiko na uwezo wa kumlisha, ataiba kuku wa jirani ao ataingia pori kujitafutia. Hapo matatizo yanaanza.

Mbwa wetu wa kienyeji

Wengi wetu tunawazarau mbwa wa kijijini. Lakini wazungu ndio walivuka bahari kuja kuwatafuta! Mbwa mwekundu na mweupe wa pori la Kongo, mwenye masikio ya kusimama na mkia wa kujikunja mgongoni, leo anajulikana dunia nzima kwa jina la Basenji. Mwaka 1937 alionyeshwa London katika mashindano makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, na watu walishangaa. Ana kilo 10 ao 11 hivi, manyoya mafupi, anajisafisha kama paka, na habweke sana. Ndiyo maana wawindaji wa zamani walimfunga kengele ya muti shingoni: wasipoisikia, hawajue aliko.

Mbwa wetu wa leo wamechanganyika, lakini wengi bado wako na damu hiyo. Wanakula kidogo, wanavumilia mvua na jua, na wanajua pori. Kwa kufuata nyayo, tafuta wa namna hiyo, mwenye kunyamaza. Kwa kulinda, tafuta yule mwenye mama anayejulikana kijijini kwa kubweka mgeni akikaribia.

Namna ya kuchagua

Mutoto wa mbwa asitolewe kwa mama mbele ya wiki 8. Siku ya kumuchagua, fanya hivi:

1. Angalia mama. Mama mwenye kuuma watu ovyo atakupatia watoto wa tabia hiyo. Mama mwenye utulivu na akili ni alama nzuri.

2. Angalia mwili. Macho yawe safi, ufizi uwe mwekundu-mweupe, mkundu uwe safi. Tumbo kubwa kama ngoma ni minyoo.

3. Jaribu pua. Ficha sambaza mukavu nyuma ya majani, hatua tano mbali. Mwenye kushusha pua na kutafuta mpaka apate, ndiye huyo. Mwenye kukaa na kulia, muache.

4. Jaribu roho. Angusha sahani ya bati karibu yake. Kushituka si kosa. Mzuri anashituka, kiisha anarudi kuangalia ni kitu gani. Mwenye kukimbia na kujificha muda murefu hatafanya kazi. Na mwenye kurukia kwa hasira atakuletea kesi.

Kumufundisha kufuata

Anza akiwa na miezi mitatu ao mine, kwa mchezo. Chukua kipande cha ngozi ya mbuzi, ukikokote chini kwa hatua 30, na mwisho wake uweke zawadi: bugali kidogo na sambaza. Mufunge mukaba wa kifua, si wa shingo, na kamba ndefu. Muonyeshe mwanzo wa njia, kiisha unyamaze. Muache yeye atafute. Akifika, mupe zawadi na umusifu kwa sauti.

Wiki kwa wiki, ongeza urefu, tia kona, na ngoja saa moja, kiisha mbili, mbele ya kumuanzisha. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Fanya asubuhi mapema: umande unashika harufu, jua la saa sita linaikausha, na mvua kubwa inaiosha. Usimupige akikosea. Mbwa anayeogopa fimbo anaangalia mkono wako, haangalie njia tena.

Na tangu siku ya kwanza muzoeshe kuku, mbuzi na dende wa nyumbani. Afundishwe pia neno moja la kumurudisha. Mbwa asiyerudi akiitwa asifunguliwe kamba hata siku moja karibu na pori.

Sheria na mpaka wa parke

Hapa tuseme wazi, kwani ndipo ndugu zetu wanapata shida. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975, na tangu 1980 iko kwenye orodha ya UNESCO. Barabara yetu ya kutoka Miti kuja Bunyakiri na Hombo inapita ndani yake. Tunajua kama mipaka yake imeumiza familia nyingi, na hatuandike hapa ili kuziba mutu kinywa. Lakini kuwinda ndani ya parke kunakatazwa na sheria, na mukulima mwenye kukutwa humo na mbwa na mukuki atakuwa na kazi ngumu ya kueleza kama alikuwa anatafuta mbuzi wake.

Hata inje ya parke, sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inaomba permi kwa kuwinda, na nyama wengine wanalindwa kila mahali: sokwe, gorila, kakakuona na wengine. Mbwa hajue orodha hiyo. Wewe ndiye unapaswa kuijua. Mbele ya kwenda kufuata mboloko, uliza ku ofisi ya mazingira ya teritware ya Kalehe ni permi gani inahitajika na ni wakati gani kuwinda kumefungwa. Kama hauna permi, mbwa wako afanye kazi ya shambani na ya kutafuta mifugo. Kazi hiyo haiombe ruhusa ya mutu.

Kuna sababu ingine ya kumuzuia mbwa asiingie parke: magonjwa. Mwaka 1994, kule Serengeti, Tanzania, ugonjwa wa distempa uliua karibu simba mumoja kwa kila watatu, na inaaminika ulitoka kwa mbwa wa vijijini. Mbwa mumoja asiyechanjwa anaweza kubeba ugonjwa kutoka nyumbani mpaka porini, na kurudi nao.

Kichaa cha mbwa

Sasa tuje kwa neno ambalo sisi wenyewe tulikosea. Miaka ya nyuma, katika kijiji kimoja, tuliwahimiza watu wafuge mbwa kwa kulinda mahindi. Tulizungumza juu ya chakula na mafundisho. Juu ya chanjo tulisema "tutaona nyuma". Mutoto wa mumoja wetu aliumwa mkononi na mbwa wa nyumbani. Wazazi walimutia majani na jiwe nyeusi, na siku tatu zikapita mbele hatujasikia. Kutafuta chanjo ya mutoto kukatuomba safari mbili na deni la familia. Mutoto alipona. Lakini zile siku za kungoja, hakuna kati yetu aliyelala vizuri, na tangu hapo hatuongee tena mbwa bila kuongea chanjo.

Karibu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, 99 kwa 100, waliumwa na mbwa. Alama zikisha kuonekana kwa mutu, dawa haiko tena. Lakini mbele ya alama, inawezekana kuzuia kabisa. Mutu akiumwa:

– Muoshe kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Usitie pilipili, majani ao jiwe nyeusi.
– Mupeleke siku hiyohiyo ku kituo cha afya ao ku hospitali kubwa ya Bunyakiri. Msingoje kidonda kivimbe.
– Msiue mbwa haraka, kama inawezekana kumufunga bila hatari. Mumuangalie siku 10. Akibaki muzima, ni habari nzuri kwa daktari. Lakini kumuangalia mbwa kusicheleweshe matunzo ya mutu.

Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, na kila mwaka arudiliwe. Tunajua kama chanjo inakuwa ngumu kufika kwetu, kwani inapaswa kubaki katika baridi, kati ya digri 2 na 8, na barabara yetu mnaijua. Ndiyo maana mutu mumoja hawezi, koperative inaweza. Kama mbwa 70 kwa 100 wa kijiji wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia.

Dawa ya minyoo impe kila miezi mitatu, na usimutupie matumbo mabichi ya mbuzi uliyechinja: mule muna mbegu za minyoo zenye kurudi kwa watoto wako. Na usimunyime chakula ukifikiri njaa itamufanya kuwa muwindaji muzuri. Mbwa mwenye njaa anatafuta chakula chake, hatafute kile unachotaka wewe.

Kazi ya kufanya mbele ya msimu

Tunaomba kila koperative ifanye mambo mane. Moja, kuandika mbwa wote wa wamemba: jina la mwenye mbwa, umri, amechanjwa ao hapana. Mbili, kuchagua mutu mumoja wa kufuata jambo hilo na veterineri wa teritware. Tatu, kuweka franga kidogo kwa kila mbwa katika sanduku, ili chanjo ije mara moja kwa wote. Tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupiganisha kichaa cha mbwa, ni tarehe nzuri ya kulenga. Ine, kukubaliana kama mwenye mbwa ndiye anajibu kwa kila kitu mbwa wake anaharibu.

Yule ndugu wa mwanzo hakununua mbwa wa Bukavu. Alichukua jike mwekundu kwa jirani yake, akamulipa kuku mbili. Ametuambia sasa analala ku shamba, na nguruwe wakija, anamusikia. Anaomba tu kitu kimoja: chanjo ifike. Na sisi tunaomba naye.