Mbawakawa Aliyengojea Jina Miaka 181

Askari aliyewahi kushika lindo la usiku chini ya taa, katika majira ya mvua, hahitaji kufundishwa habari za yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, ambaye katika Afrika Mashariki huitwa nzi wa Nairobi. Huja akiifuata taa, hutua shingoni, hutambaa polepole. Askari akimpiga kofi kwa hasira, baada ya siku moja au mbili ngozi yake hubabuka na kutoka malengelenge kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Mdudu huyo si nzi hata kidogo. Wala haumi, wala hana mwiba. Sumu yake imo katika damu yake, nayo haimdhuru mtu mpaka mdudu apondwe juu ya ngozi. Basi apulizwe aende zake. Na kama ameshapondwa, mahali pale paoshwe mara moja kwa sabuni na maji, na mikono isipelekwe machoni.

Tumeanza na huyo kwa sababu ndiye anayejulikana zaidi kwetu katika ukoo mkubwa wa mbawakawa wenye mabawa mafupi. Mabawa yao magumu ya juu hayafiki nyuma, bali huishia karibu na kifua kama koti lililomkaa mtu kwa udogo, na tumbo lote hubaki wazi. Chini ya koti hilo huwa wamekunja mabawa laini ya kurukia, kwa ustadi unaoshinda ule wa mtu anayekunja mwavuli. Wengi wao ni wawindaji wa wadudu wengine, na wakitishwa baadhi yao huinua mkia juu kama nge. Wataalamu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 60,000 za ukoo huu duniani, na kila mwaka aina nyingine huongezwa.

Mmoja wa walioongezwa ana historia inayowahusu askari kwa namna yake. Mwezi Septemba 1832, merikebu ya Kiingereza iitwayo Beagle, iliyokuwa ikipima pwani za Amerika ya Kusini, ilifika Bahía Blanca katika nchi ya Ajentina. Mahali pale palikuwa na ngome iliyojengwa mwaka 1828 ili kulinda mpaka wa walowezi dhidi ya wenyeji wa nchi, ambao ardhi ilikuwa yao. Ndani ya merikebu alikuwamo kijana wa miaka 23, Charles Darwin, ambaye tangu siku zake za chuo huko Cambridge alikuwa na uchu wa kukusanya mbawakawa. Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba siku moja alishika wawili, mmoja kila mkono, akamwona wa tatu. Kwa kuogopa kumkosa akamtia mmoja kinywani, na mdudu akamtemea maji makali yaliyomchoma ulimi. Alimpoteza huyo, na yule wa tatu pia.

Darwin aliandika katika shajara yake kwamba meja mzee wa ngome hiyo aliwashuku wageni tangu mwanzo. Ilipoulizwa huyu mtaalamu wa viumbe ni mtu wa namna gani, Mwingereza aliyekuwa akiwaongoza njia alijibu kwamba ni mtu ajuaye kila kitu. Jibu hilo lilizidisha mashaka. Nasi hatuwezi kumlaumu meja yule: wageni wanapima pwani, wanauliza habari za nchi, na miongoni mwao yumo mtu ajuaye kila kitu! Ni ofisa gani wa mpakani angelala usingizi?

Hata hivyo mpelelezi huyo alikuwa akipekua mifupa ya kale ya wanyama katika mwamba wa Punta Alta na kutia wadudu katika vyombo vyake. Mmoja wao alikuwa mbawakawa mwenye mabawa mafupi, ambaye kichwa na kifua chake hung'aa rangi ya kijani kama madini yaliyosuguliwa, na papasi zake zina meno kama ya msumeno. Alisafirishwa hadi Uingereza pamoja na maelfu ya vitu vingine, akachomwa pini, akaishia katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe Asili mjini London. Huko alikaa bila jina. Darwin akawa mtu mashuhuri, akafa mwaka 1882, na mdudu bado yumo sandukuni.

Karne ya 21 ilipofika, mtaalamu wa ukoo huu, Stylianos Chatzimanolis wa Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Chattanooga, Marekani, aliazima kutoka London wadudu ambao hawajatambuliwa. Akamkuta huyu, na kikaratasi cha pini yake kikitaja Bahía Blanca na jina la Darwin.

Wasomaji wetu wa polisi wataifahamu kazi iliyofuata. Mtu hawezi kusema tu kwamba sura hii sijapata kuiona. Ni lazima ampange mdudu kama katika gwaride la utambuzi, amlinganishe na jamaa zake wote wanaojulikana, kiungo kwa kiungo, hata viungo vya uzazi vya dume, kwani mara nyingi hivyo ndivyo vinavyotofautisha aina mbili zenye sura moja. Kisha aandike maelezo kamili, atoe picha, na ateue kielelezo kimoja kitakachobeba jina hilo daima, ili mwenye shaka aweze kwenda kukitazama kwa macho yake. Kielelezo kisicho na kikaratasi cha mahali kilipopatikana hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kama ushahidi usiojulikana ulikookotwa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba si aina mpya tu, bali hata jenasi haikuwapo ya kumweka. Tarehe 12 Februari 2014, siku ya kuzaliwa kwa Darwin, jina likatangazwa: Darwinilus sedarisi. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa Darwin. Ya pili ni kwa David Sedaris, mwandishi wa Marekani ambaye vitabu vyake mtaalamu huyo alikuwa akivisikiliza katika kanda za sauti alipokuwa akifanya kazi. Wengine watacheka, lakini sheria za kuwapa wanyama majina hazikatazi.

Jambo zito ni hili. Wakati jina lilipotangazwa, wadudu wa aina hiyo waliojulikana ulimwenguni walikuwa wawili tu. Wa pili alikuwa katika makumbusho ya Berlin, naye alikamatwa kabla ya mwaka 1935 huko Río Cuarto, zaidi ya kilometa 600 kutoka Bahía Blanca. Sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya miji hiyo miwili imekwisha kugeuzwa mashamba na malisho. Chatzimanolis hakuficha hofu kwamba huenda mdudu huyo ametoweka duniani kabla hajaitwa kwa jina, ingawa alisema anatumaini sivyo.

Atakayekwenda kumtafuta hatakuta tena ngome ya udongo. Bahía Blanca sasa ni mji mkubwa wenye bandari, na karibu na Punta Alta, pale Darwin alipochimba mifupa yake, ipo kambi kuu ya jeshi la majini la Ajentina. Huenda mlinzi wa lango akamwuliza mgeni mwenye wavu na chupa swali lile lile la meja mzee.