Seán Óg Ó hAilpín, beki wa Cork aliyetoka Fiji

Mwezi wa 9 mwaka wa 2005, uwanja wa Croke Park, Dublin. Cork imeshinda Galway. Kapiteni Seán Óg Ó hAilpín anainua kombe la hurling, anahutubia watu kwa Kiirlandi, lugha ambayo Wairlandi wengi hawaiongei nyumbani. Anataja Fiji, anataja na Rotuma. Juu ya nini?

Alizaliwa kule, mwaka wa 1977. Mama yake ni wa Rotuma, kisiwa cha Fiji; baba ni Mwirlandi. Walikaa Australia, wakafika Cork mwaka wa 1988, na hapo njo mtoto alijifunza mchezo huu: watu 15 kila upande, fimbo mkononi, kampira kadogo kagumu. Kakiingia golini ni pointi 3, kakipita juu ya goli ni moja. Yeye alizuia, nyuma pembeni.

Mwaka wa 2001 ajali ya gari iliharibu goti lake. Akarudi, na 2004 akawa mchezaji bora wa mwaka. Mshahara? Hakuna, hurling hailipi. Alikuwa anatumika ku banki. Mwaka wa 2010 aliachwa nje ya ekipe. 2012 akaitwa tena, akacheza, kisha akaaga.