Kamenge: Meza Moja kwa Askari na Raia

Msafiri ateremkaye kutoka milima ya Bugarama kwenda Bujumbura huifikia Kamenge kabla hajaingia katikati ya jiji. Mtaa huu uko upande wa kaskazini, nako ndiko kiliko kituo cha mabasi yaendayo bara, kiitwacho Gare du Nord. Penye abiria hapakosi mpishi. Kando ya njia huonekana majiko ya mkaa, viti vya plastiki, mabenchi ya mbao na masufuria yafukayo mvuke. Hapana kitambaa mezani wala orodha ya vyakula iliyopigwa chapa. Mgeni huuliza kilichopo, akaketi, akangoja.

Aliye na haraka hupata maharagwe kwa ugali wa muhogo, ndizi za kupika, au wali kwa lengalenga. Aliye na nafasi huagiza nyama ya mbuzi ya kuchoma, ambayo watu wa Bujumbura huiita michopo. Ikitungwa kwenye vijiti huitwa burusheti. Huliwa kwa ndizi iliyochomwa, kitunguu kibichi na pilipili. Nyama hiyo haitaki papara. Moto ukiwa mkali mno, nje huungua na ndani hubaki mbichi. Mchomaji hodari husubiri mkaa uive, hupanga vipande vya nyama pamoja na vya mafuta ili mafuta yalainishe nyama, naye hutia chumvi kwa kiasi.

Samaki wa Tanganyika

Lakini sifa ya Bujumbura ni samaki. Ziwa Tanganyika huwapa wakazi wake mukeke, ambaye hukaangwa au kuchomwa na kuungwa kwa nyanya na vitunguu. Huwapa sangala mwenye minofu minene. Tena huwapa ndagala, samaki wadogo walio kitoweo cha maskini na tajiri. Wavuvi huwavua ndagala usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hao hukusanyika penye mwanga. Usiku wa mbalamwezi taa hupoteza nguvu, mavuno hupungua na bei hupanda. Kwa hiyo, mteja aonaye sahani imepungua siku hizo asiharakishe kumlaumu mpishi. Na aulize bei kabla ya kuagiza, ili pasitokee ubishi wakati wa kulipa.

Samaki mbichi aliye mwema ana macho maangavu na matamvua mekundu, na mnofu wake ukibonyezwa hurudi. Ndagala wakavu wawe wakavu kweli, bila ukungu. Walioanikwa juu ya vichanja vya wavu huwa safi kuliko walioanikwa mchangani, ambao huacha changarawe menoni.

Usafi hauna mbadala. Mapema mwaka 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na sehemu ya kaskazini ya Bujumbura ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Mlaji mwenye busara hutazama kwanza kama pana maji yatiririkayo na sabuni ya kunawia mikono, kama chakula kimefunikwa, na kama kinatolewa kikiwa moto.

Meza na amani

Kula hadharani kando ya njia ni jambo dogo machoni pa wengi. Kwa Kamenge si dogo hata kidogo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba, 1993, vita viliingia katika mitaa ya jiji. Kamenge ilipigwa vibaya, na mwaka 1995 wakazi wake wengi walikuwa wamekimbia. Majiko yalizimika. Jirani alimwogopa jirani, na raia aliyeona sare hakuuliza ni ya nani, alikimbia.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti, 2000 ulifungua njia ya mapatano. Katiba ya mwaka 2005 ikaweka sharti kwamba katika vyombo vya ulinzi na usalama kabila moja lisizidi nusu. Waliopigana msituni wakavaa sare moja na waliowapiga. Hata hivyo, amani ya mikahawa ilibaki dhaifu. Tarehe 18 Septemba, 2011, huko Gatumba, magharibi ya jiji karibu na mpaka wa Kongo, watu wenye silaha waliwaua watu zaidi ya 30 waliokuwa wakiburudika katika kilabu. Kwa hiyo kila benchi lililojaa watu jioni ni ushahidi kwamba watu wameanza kuaminiana tena. Na imani hiyo yaweza kuvunjwa kwa siku moja.

Askari awapo mezani

Hapa ndipo wajibu wa mtu wa sare unapoanza. Askari au polisi asiye kazini aendapo kula, na aende kama mteja. Silaha ibaki mahali pake. Zamu ya kungoja ni yake kama ilivyo ya mpiga debe na mwanafunzi. Akiagiza, alipe. Mama mpishi amenunua mkaa, unga na samaki alfajiri kwa fedha za mauzo ya jana. Sahani tatu zisizolipwa humnyima mtaji wa kesho. Naye hathubutu kudai akiona bunduki. Mlaji wa namna hiyo huondoka ameshiba, lakini ameacha nyuma yake hofu ile ile ya mwaka 1995.

Deni nalo ni adui. Kula kwa daftari tangu katikati ya mwezi, kisha kumaliza mshahara kwa michopo na chupa za bia pamoja na marafiki, huku nyumbani watoto wakilala kwa uji, si uungwana. Dawa ya deni ni kulipa. Dawa bora ni kutolikopa.

Njia njema ni kuitenga siku moja mwisho wa mwezi, baada ya kodi, karo na unga wa nyumbani kupatikana, na kumchukua mke na watoto waende pamoja. Mukeke wawili na sinia la ndizi hutosha familia ndogo. Watoto watamwona baba akinawa, akingoja, akilipa na kushukuru. Jirani wa meza ya pili atamwona pia, naye atajua kwamba mwenye sare ni mtu mwenye familia kama yeye.