Kukatika, Kupukutika na Kung'oka: Kupungua kwa Nywele za Wanawake, Sababu na Kinga

Utangulizi

Nywele za mwanamke si jambo dogo katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Upitapo Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Meru au Nanyuki, huna budi kuziona saluni zilivyojipanga kando ya barabara, na mwisho wa juma wasusi hawapati hata nafasi ya kunyoosha mgongo. Nywele hizo hizo zimebeba historia ya eneo hili. Mnamo Aprili 2022, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha Fildi Mashali, alinyolewa na Mama Ngina Kenyatta huko Nyeri nywele alizokuwa amezifuga tangu enzi za vita vya msituni. Taifa zima lilitazama, na kila aliyetazama alielewa kwamba kilichokuwa kikikatwa pale kilikuwa zaidi ya nywele.

Ikiwa nywele zina uzito wa namna hiyo, si ajabu kwamba mwanamke anayeziona zikipungua hufadhaika. La kusikitisha ni kwamba wengi hufadhaika kimyakimya. Huvaa kitambaa, kofia ya sufu au wigi, na miaka ikapita bila kumwuliza mtu yeyote. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika jambo hili methali hiyo ina ukweli wa kitabibu kama tutakavyoona.

Makala haya yananuia kueleza sababu za nywele za wanawake kupungua na njia za kuzuia hali hiyo. Hoja yetu kuu ni kwamba upungufu unaotokana na nywele kuvutwa hutibika ukigunduliwa mapema, lakini ukichelewa hauna dawa. Aidha, tutaonyesha kwamba sehemu ya ucheleweshaji huo inatokana na lugha. Karibu kila mwanamke mwenye tatizo hili husema, "Nywele zangu zinakatika," ilhali yanayompata yanaweza kuwa mambo tofauti kabisa, yenye tiba tofauti.

Unywele humeaje?

Kichwa cha binadamu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele humea katika kitundu chake ndani ya ngozi, na humo ndimo uliko uhai wake. Sehemu tunayoiona, tunayoichana na kuisuka, haina uhai. Ikiharibika haiwezi kujiponya. Unywele hukua kwa muda wa miaka miwili hadi sita, kwa kadiri ya sentimita moja kila mwezi. Kisha hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi, ukaanguka, na kitundu kikaanza kuotesha mwingine.

Kwa sababu hiyo, kupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Mwanamke aliyekaa na msuko kwa wiki sita asishtuke anapoufumua na kuona nywele nyingi mkononi, kwani nyingi ya hizo zilikwisha kuanguka siku kwa siku zikazuiliwa na msuko. Hofu ianze pale ngozi ya kichwa inapoonekana mahali ambapo haikuwa ikionekana.

Vitenzi vitatu, hali tatu

Kiswahili kina vitenzi vinavyoweza kutusaidia kutofautisha hali hizi, laiti tungevitumia kwa makini.

Kitenzi cha kwanza ni kukatika. Unywele ukikatika, shina hubaki na sehemu ya juu ndiyo inayotoka. Ukiutazama unywele ulioanguka, huoni kile kijidonge cheupe cha mzizi kwenye ncha yake. Chanzo chake kikubwa ni kemikali za kulainisha nywele, ambazo ni alikali kali. Nyingi zina haidroksidi ya sodiamu. Kemikali hizi huvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo wake na pia nguvu zake. Pasi ya nywele na mashine ya kukaushia huongezea madhara hayo. Hali hii inaudhi, lakini kitundu ni kizima, na uharibifu ukikoma nywele nzuri huota tena.

Cha pili ni kupukutika, kitenzi tunachokitumia kwa majani ya mti. Hapa nywele hutoka kichwa kizima kwa wingi, pamoja na mizizi yake, miezi miwili au mitatu baada ya mwili kupata mshtuko. Mshtuko huo huweza kuwa kujifungua, homa kali, upasuaji, msiba mzito, au kupunguza uzito kwa haraka. Kwa kuwa miezi imepita, mwenyewe hakumbuki kuhusisha mambo hayo mawili. Huyalaumu mafuta aliyoyanunua wiki iliyotangulia. Kwa kawaida nywele hurejea zenyewe katika muda wa miezi sita hadi kumi na miwili. Hata hivyo, upukutikaji usiokoma huweza kuwa ishara ya upungufu wa madini ya chuma au ugonjwa wa tezi ya shingo, na hauna budi kuchunguzwa kwa kupimwa damu.

Cha tatu ni kung'oka. Kitu hung'oka kwa sababu kimevutwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi.

Upara wa mvuto

Wanawake wa Kikuyu wa zamani walibeba kuni na maji kwa mũkwa, ukanda wa ngozi uliopitishwa juu ya paji la uso huku mzigo ukiwa mgongoni. Wengi wao walizeeka wakiwa na mfereji uliobonyea kichwani mahali ulipopita ukanda. Alama hiyo ilikuwa ushahidi kwamba nguvu inayorudiwa mahali pamoja, siku baada ya siku, huubadilisha mwili moja kwa moja. Wanawake hao walioolewa walikuwa na desturi ya kunyoa vichwa, kwa hivyo nywele zao hazikuwa na cha kuzivuta. Wajukuu wao wameachana na mũkwa, lakini sasa mvuto uko kwenye nywele zenyewe.

Matuta yaliyobanwa mno, rasta ndefu zilizoongezwa nywele bandia nzito, nywele za kushonea, wigi zilizobandikwa kwa gundi na nywele zilizofungwa nyuma kwa nguvu zote huvuta vitundu vya nywele. Kitundu kinachovutwa kwa muda huvimba. Kikiendelea kuvutwa kwa miaka, hufa na nafasi yake huchukuliwa na kovu. Hali hii tunaweza kuiita upara wa mvuto.

Jambo hili halikuanza kwetu wala si la Waafrika peke yao. Waganga waliliandika mwanzoni mwa karne ya 20 walipowaona wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kuzikaza juu ya kichwa. Barani Afrika, uchunguzi mashuhuri ni ule uliochapishwa mwaka 2007 na Nonceba Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na wenzake. Walipata dalili za upara huu kwa asilimia 17.1 ya wasichana wa shule na asilimia 31.7 ya wanawake watu wazima waliowachunguza nchini Afrika Kusini. Waligundua pia kwamba hatari huzidi pale nywele zilizotiwa kemikali zinaposukwa.

Tukio hilo la pili linapaswa kutushughulisha sisi wa vyuo vikuu. Shule nyingi za wasichana nchini Kenya hudai nywele zikatwe fupi. Msichana anapomaliza kidato cha nne, anapata uhuru wa nywele zake kwa mara ya kwanza. Anapojiunga na chuo, kiwe cha Nyeri, Karatina, Embu au Chuka, aghalabu huwa amekwisha kulainisha nywele kwa kemikali, na juu yake amesuka rasta. Mambo mawili ambayo kila moja lina madhara yake yameunganishwa katika kichwa kimoja, tena cha kijana.

Dalili za mwanzo si ngumu kuzitambua. Ngozi huuma baada ya kusukwa, vipele vidogo huota kwenye mizizi, na nywele huanza kuwa haba kwenye mapanja, yaani pande mbili za paji la uso, na mbele ya masikio. Mara nyingi hubaki ukanda mwembamba wa vinywele vifupi ukingoni kabisa, kwa kuwa vinywele hivyo ni vifupi mno kuweza kushikwa na msusi. Katika hatua hii, dawa kuu ni kuacha kuvuta. Ngozi ikishakuwa laini na yenye kung'aa, bila hata alama za vitundu, muda umekwisha pita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika maradhi haya, ukuta wenyewe haujengeki.

Sababu nyingine

Si kila upara unatokana na saluni. Upo upara wa makovu unaoanzia utosini na kuenea kama duara, mara nyingine ukiambatana na mwasho au kuchomachoma. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika, na mwaka 2019 watafiti waliuhusisha, katika baadhi ya wagonjwa, na kasoro katika jeni iitwayo PADI3. Huu nao huharibu vitundu kabisa, kwa hivyo anayeuona ukianza amwone daktari wa ngozi bila kukawia.

Upo pia upungufu wa kurithi, ambapo njia ya nywele katikati ya kichwa hupanuka polepole huku ukingo wa mbele ukibaki. Dawa ya kupaka ya minoksidili huweza kusaidia, ila hudai subira ya miezi kadhaa, manufaa yake hukoma ukiiacha, na haifai kwa mja mzito wala anayenyonyesha. Viraka vya mviringo vinavyozuka ghafla, vyenye ngozi laini, huweza kutokana na kinga ya mwili kuvishambulia vitundu. Kwa watoto, viraka vyenye magamba mara nyingi huwa ni mapunye, ambayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi.

Kinga

Kwanza, msuko usiume. Wapo wanaoamini kwamba msuko bora ni ule unaomnyima mtu usingizi siku mbili, na wapo wanaomeza tembe za maumivu baada ya kutoka saluni. Maumivu hayo ni kilio cha kitundu. Ukiyasikia, mwambie msusi alegeze. Yakiendelea nyumbani, fumua.

Pili, mapanja na ukingo wa mbele vipewe nafasi. Msusi anaweza kuanza nyuma kidogo na kuviacha vinywele vya ukingoni. Rasta ziwe nyepesi na fupi, mitindo ibadilishwe ili mvuto usiwe mahali pamoja, na kati ya msuko mmoja na mwingine kichwa kipumzishwe.

Tatu, nywele zilizotiwa kemikali majuzi zisisukwe kwa kukazwa, na kemikali isirudiwe kabla ya wiki nane. Ipakwe kwenye nywele mpya tu, wala isiachwe mpaka ngozi iungue.

Nne, tuangalie vikombe na sahani zetu. Othaya, Tetu na sehemu za Mathira ni nchi ya majani chai, na chai ya maziwa mara nyingi hunywewa pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka. Mwanamke anayepoteza damu kila mwezi ana haja kubwa ya madini hayo. Anywe chai saa moja au zaidi baada ya kula, na mlo wa githeri, mchicha au managu uambatane na chungwa au nyanya, kwani vitamini C husaidia ufyonzaji.

Tano, baridi ya Julai hutulazimu kuvaa kofia za sufu. Sufu hukwaruza nywele na kuzinyonya unyevu. Kitambaa laini cha satini kikiwekwa ndani yake, madhara hupungua.

Mwisho, tusikimbilie vidonge vya nywele. Vitamini ya biotini huwafaa wenye upungufu wake, ambao ni wachache, na huweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo. Anayeimeza amweleze daktari kabla ya kupimwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba nywele hupungua kwa njia nyingi, na kwamba tofauti iliyo muhimu zaidi ni ile kati ya kitundu kilicho hai na kilichokufa. Neno kipara limezoeleka kumwakilisha mzee wa kiume. Mwanamke hajioni ndani yake, naye hubaki na kitenzi kimoja tu, kukatika, kwa kila linalompata. Anayeambiwa nywele "zinakatika" hununua mafuta. Anayeambiwa "zinang'oka" atauliza ni nani anayezing'oa.

Mtu wa kwanza kuuona upara wa mvuto si daktari, ni msusi, kwa kuwa yeye ndiye anayekitazama kichwa kutoka juu kila baada ya wiki chache. Wanachama wa vyama vya Kiswahili wanaweza kufanya kazi ndogo yenye faida kubwa: kuandika ukurasa mmoja wenye dalili hizi kwa Kiswahili chepesi, pamoja na Kikuyu, Kimeru au Kiembu, na kuubandika penye vioo vya saluni zilizo karibu na vyuo vyao. Msusi asiogope kumwambia mteja alichokiona, na mteja asiogope kumwambia msusi kwamba anaumia.