Mtoto Akigongwa Kichwa Uwanjani

Jambo hili tumeliona mara nyingi katika viwanja vya parokia zetu. Watoto wawili wanarukia mpira wa juu, vichwa vinagongana, mmoja anaanguka. Anamwagiwa maji usoni, anainuka akiyumba, watu wanampigia makofi, na mchezo unaendelea. Tunauita ushujaa. Tusikie kwanza kisa cha Ryan Mason.

Mason alikuwa kiungo wa Hull City ya Uingereza. Tarehe 22 Januari 2017, katika mechi na Chelsea mjini London, aligongana vichwa na mlinzi Gary Cahill. Fuvu lake likapasuka. Alifanyiwa upasuaji, na mifupa ikaungwa kwa vibamba 14 vya chuma. Alitamani sana kurudi uwanjani, lakini Februari 2018, akiwa na miaka 26 tu, alistaafu kwa ushauri wa madaktari.

Alirudi Tottenham, klabu iliyomlea tangu utoto, akaanza kufundisha vijana. Mwaka 2020 akakabidhiwa kusimamia maendeleo ya chipukizi wa klabu hiyo. Aprili 2021, José Mourinho alipoachishwa kazi, Mason akapewa timu ya wakubwa kwa muda. Alikuwa na miaka 29. Ligi Kuu ya Uingereza haikuwa imewahi kuwa na kocha mdogo kuliko huyo. Amesema pia hadharani juu ya hatari ya kupiga mpira kwa kichwa. Chama cha soka cha Uingereza chenyewe kiliagiza mwaka 2020 kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini.

Mason alipata huduma haraka. Watoto wetu wako mbali na hospitali kubwa, kwa hiyo macho yetu ndiyo huduma ya kwanza. Ubongo waweza kutikisika hata kama mtoto hakuzimia. Akilalamika kichwa kinauma, akipata kizunguzungu, akisahau matokeo ya mchezo, atolewe na asirudi siku hiyo, hata kama timu inafungwa. Pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuwa la hatari zaidi. Akitapika mara kwa mara, akiwa mzito kuamka, akipata degedege au akitokwa na maji maji puani au masikioni, apelekwe hospitali mara moja.

Dalili nyingine huja baada ya saa kadhaa, hata kesho yake. Kwa hiyo kocha asimwache aende nyumbani peke yake. Amfikishe kwa mzazi na kumweleza aligongwa saa ngapi.